Namna ya Kuandika Filamu ya Mtu Aliyesingiziwa, Hatua kwa Hatua

Wanaoanza kuandika skripti wana hadithi moja wanayoipenda kupita zote: mtu mwema anasingiziwa, anateseka, mwishowe ukweli unajulikana na ukumbi mzima unalia. Wakishaketi kuandika, maswali ni yale yale. Mwongo afichuliwe lini? Mahakama lazima iwepo? Kwa nini kila aliyesoma rasimu anasema "nilijua tangu mwanzo"?

Tutatembea na mfano mdogo. Rehema, dada wa kazi wa miaka 19 huko Tabata, anadaiwa kuiba cheni ya dhahabu ya bosi wake, Mama Salma. Ukiweza kuandika cheni, mauaji hayatakushinda.

Uongo peke yake haubebi filamu. Kinachoibeba ni namna watu wenye akili zao timamu walivyouamini. Hatua zote hapa chini zinahudumia hilo.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Mafaili mawili: moja liite "Kilichotokea", jingine "Kinachosemwa". Usiyachanganye hata siku moja.
- Ramani ya eneo la tukio uliyoichora kwa mkono: milango, madirisha, taa, na umbali kwa hatua za miguu.
- Kalenda ya hadithi yenye siku na saa.
- Siku mbili za kukaa mahakamani ukisikiliza. Kesi nyingi huendeshwa katika mahakama ya wazi. Zima simu, usirekodi, andika kwenye daftari.
- Mtu wa sheria wa kukusomea sini (vipande vya tukio kwenye skripti) za polisi na mahakama: wakili, msaidizi wa kisheria, hata karani mstaafu.
- Filamu tatu za kutazama mara mbili: *Jagten* ya Thomas Vinterberg (Denmark, 2012), *The Wrong Man* ya Alfred Hitchcock (1956) na *I Am Not a Witch* ya Rungano Nyoni (2017), iliyopigwa Zambia. Mara ya kwanza tazama kama mtazamaji tu. Mara ya pili shika saa, uandike ni dakika ya ngapi ulipojua kila jambo.

Hatua ya 1: Andika tuhuma kwa maneno ya anayetuhumu

Sentensi moja, kama itakavyotoka mdomoni. "Rehema anasingiziwa wizi" ni maelezo yako wewe mwandishi. Tuhuma ni hii: "Cheni ilikuwa juu ya dresing tebo, na aliyeingia chumbani ni yeye peke yake." Sentensi ya namna hiyo ina mambo mawili yanayopimika: cheni ilikuwa pale kweli? Aliingia peke yake kweli? Hapo ndipo filamu yako itakapochimba.

Hatua ya 2: Chagua chanzo cha uongo

Chagua kimoja kiwe nguzo. Ukirundika vitatu, mtazamaji atahisi mkono wako.

*Kosa la macho.* Shahidi anasema kweli kadiri anavyojua, ila amemfananisha mtu. Nchini Marekani, katika kesi zilizokuja kutenguliwa kwa kipimo cha DNA, kosa lililojirudia kuliko yote ni hili. *The Wrong Man* imejengwa juu yake: makarani wa bima wanamwona mpiga besi wa klabu ya New York na kuapa kuwa ndiye jambazi. Hakuna hata mmoja aliye mbaya.

*Kinywa kilichoongozwa.* Mtoto au mtu mwenye hofu anaulizwa swali lenye jibu ndani yake.

*Kubambikiwa.* Kuna njama na kuna anayefaidika. Wanaoanza hukimbilia hiki kwa sababu kinampatia adui bila jasho, na ndicho kinachochosha haraka, kwani mtazamaji akishamjua adui hubaki kusubiri akamatwe tu.

*Imani ya kundi.* Tuhuma za uchawi ndizo mfano wa karibu. Usukumani, bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini anaweza kuuawa kwa macho hayo hayo. Katika filamu ya Nyoni, mwanamke anajikwaa na kumwaga ndoo ya maji mbele ya msichana mdogo, na mambo yanaanzia hapo. Halafu mwanamume mmoja anatoa ushahidi kwamba msichana alimkata mkono kwa shoka, huku mikono yake yote miwili ipo. Kumbe aliota. Sini inachekesha, kisha inatia baridi, kwa sababu ushahidi ule unapokelewa.

*Kukiri kwa kulazimishwa.* Ugumu wake ni swali moja: mtu asiye na hatia anakirije? Jibu lionekane kwenye skrini: saa alizokaa macho, njaa, na ile ahadi ya "saini hapa uende nyumbani".

Kwa Rehema tunachukua ndugu wa kosa la macho, yaani kosa la kumbukumbu, likichanganyika na hofu: Mama Salma hakumbuki aliivua wapi cheni, na kukiri hilo mbele ya mumewe kuna gharama.

Hatua ya 3: Amua mtazamaji anajua nini, na lini

Huu ndio uamuzi mzito kuliko yote, nao unafanywa kabla ya kuandika sini ya kwanza. Ukiuacha ujitokeze wenyewe, utaandika rasimu nne.

(a) *Mtazamaji anajua tangu mwanzo kwamba hana hatia.* Ndiyo njia ya *Jagten*. Lucas anafanya kazi shule ya chekechea. Tunamwona akimkatalia kwa upole Klara, binti wa rafiki yake, zawadi ya moyo aliyomtengenezea. Tumeona pia kaka yake Klara na rafiki yake wakimwonyesha mtoto picha chafu, na ndiko maneno anayoyasema baadaye yalikotoka. Kwa hiyo swali la "alifanya?" halipo, na nafasi yake inachukuliwa na "wataamini mpaka wapi?" Taharuki inatokana na kinaya: sisi tunajua, wao hawajui. Njia hii ndiyo rahisi kwa anayeanza, tena ndiyo salama unapogusa makosa ya kujamiiana, kwa sababu hutumii mashaka dhidi ya mtoto kama kichocheo cha burudani.

(b) *Mtazamaji anaamini pamoja na mtuhumu, kisha anageuzwa.* Hapa kuna deni: kila ulichoonyesha lazima kibaki kweli baada ya mgeuko. *Atonement* (2007) inalipa deni hilo vizuri. Briony, wa miaka 13, anachungulia dirishani na kuona jambo kwenye chemchemi, halafu tukio lile lile tunalirudia tukiwa karibu, tukiwasikia wanaohusika. Picha ya kwanza haikudanganya, ilikuwa mbali tu. Linganisha na *Stage Fright* ya Hitchcock (1950), ambapo mbinu rejeshi ya mwanzo ni uongo mtupu wa mhusika, ulioonyeshwa kama kweli. Watazamaji walikasirika, na Hitchcock mwenyewe alikuja kusema alikosea. Kamera ikidanganya bila kuweka alama, umeshavunja mkataba.

(c) *Mtazamaji hajui mpaka mwisho.* *Rashomon* ya Akira Kurosawa (1950) iliweka kiwango. Ni njia nzuri sana, na kwa skripti ya kwanza tunakushauri uiache. Inataka kila toleo la tukio liwe filamu kamili yenye sababu zake. Wengi wanaoichagua huwa wanakwepa kuamua.

Ukichagua (b) au (c), chukua somo kwa *The Thin Blue Line* ya Errol Morris (1988), filamu ya hali halisi kuhusu Randall Dale Adams, aliyehukumiwa kwa mauaji ya askari polisi yaliyotokea mjini Dallas mwaka 1976. Tukio linaigizwa tena na tena, kila mara likifuata maneno ya shahidi mwingine, na kile ambacho shahidi mmoja alikuwa na hakika nacho kinabadilika. Adams aliachiwa mwaka 1989.

Hatua ya 4: Jaza faili la "Kilichotokea"

Kurasa mbili, saa kwa saa, bila mazungumzo. Cheni ilivuliwa wapi, saa ngapi, nani alikuwa chumba gani, umeme ulikuwepo? Kama kuna shahidi wa macho, mpitishe kwenye vipimo ambavyo Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliviweka katika kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980:

- alimtazama mtu huyo kwa muda gani;
- akiwa umbali gani;
- mwanga ulikuwaje, usiku au mchana;
- alikuwa akimfahamu kabla?

Mwandishi akijibu haya manne kwa namba, sini inajiandika. "Alimwona usiku" ni hewa. "Alimwona kwa kufumba na kufumbua, hatua 20, taa ya barazani ya jirani ikiwa nyuma yake" ni picha tayari, na wakili wa utetezi ameshapata maswali.

Cheni yetu: Mama Salma aliivua ndani ya gari saa 5 usiku wakitoka kwenye sendofu, kwa sababu kifungo kilikuwa kinamkwaruza shingo. Akaitia kwenye kikasha cha miwani. Asubuhi anakumbuka dresing tebo, kwani ndipo huiweka siku zote.

Hatua ya 5: Mpe mtuhumu sababu yake

Andika ukurasa mmoja kwa sauti yake: "Mimi, Mama Salma…" Akijitetea mpaka nawe ukamwonea huruma, umefika. Cheni ni ya mahari. Mumewe alishamwambia mara mbili kwamba anapoteza vitu. Akisema "sikumbuki", anajiongezea ya tatu.

Tahadhari: mtuhumu akiwa shetani, kosa linakuwa la mtu mmoja na mtaa mzima unatoka salama.

Hatua ya 6: Jenga ngazi ya uvumi

Ngazi tano hadi saba, kila mtu akiongeza neno moja tu. Hapa ndipo filamu nyingi huruka: sini ya kwanza cheni imepotea, ya pili mtaa mzima unapiga kelele. Mtazame Rehema:

Saa 2 asubuhi, Mama Salma kwa simu kwa dada yake: "Siioni cheni yangu. Hebu nikumbushe, jana si nilirudi nayo?"
Saa 4, dada kwa shoga yake: "Cheni ya Mama Salma haionekani, na mle ndani si wapo na yule binti tu?"
Saa 6, saluni: "Wadada wa kazi hawa! Wa kwetu alinifagilia hata vijiko."
Saa 8, jirani getini: "Juzi nilimwona anaongea na bodaboda. Sijui alikuwa anampa nini."
Saa 11 jioni, kwa mjumbe: "Mzee, binti ana mazoea. Hata bodaboda anayempelekea vitu anajulikana."

Hesabu waongo. Hakuna. Kila mmoja amesema alichokiona au alichokisikia, na jioni tuna mwizi mzoefu mwenye mshirika. Lugha yetu inamsaidia mvumi: *lisemwalo lipo, kama halipo laja*. Mpe mhusika mmoja methali hiyo, mara moja tu, mahali inapouma.

Kwa skripti ya kurasa 90 (ukurasa mmoja hukadiriwa dakika moja), tuhuma itamkwe kufikia ukurasa wa 15, na ngazi ya uvumi ichukue kurasa 8 hadi 10. Kwa filamu fupi ya dakika 15, tuhuma isipite dakika ya 3, na ngazi zitoshe tatu.

Hatua ya 7: Polisi na mahakama zifanye kazi kama zinavyofanya

Watazamaji wetu wameshakwenda kuchukua RB (namba ya taarifa ya polisi), wameshamtolea ndugu dhamana. Hawadanganyiki.

Majina kwanza. Kabla ya kusomewa shtaka ni *mtuhumiwa*. Akishasomewa ni *mshtakiwa*. Akiwa amezuiwa kesi ikiendelea ni *mahabusu*. *Mfungwa* ni baada ya hukumu. Skripti nyingi humwita mfungwa tangu kituoni.

Gwaride la utambulisho lina kanuni za zamani, tangu mahakama za Afrika Mashariki miaka ya 1930: mtuhumiwa awekwe kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na mwonekano. Achague mwenyewe pa kusimama, na aruhusiwe kuhama kila shahidi mmoja anapotoka. Ukitaka kuonyesha gwaride bovu, livunje kwa jambo moja dogo: wanane wamevaa viatu, yeye peku. Kamera ishuke miguuni, usiseme neno.

Hakuna jopo la raia 12 la kuamua hatia kwa Tanzania, Kenya wala Uganda. Ukiwaandika, umeiga Marekani.

Tanzania, kesi ya mauaji ikianzia kwa hakimu, mshtakiwa huambiwa asijibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kuisikiliza. Ni zawadi kwa mwandishi: mtu anayetamani kupiga kelele "sikuua" anaambiwa anyamaze, kwa mujibu wa sheria. Kisha sentensi ambayo kila aliyekaa kwenye benchi la mahakama anaijua: upelelezi haujakamilika, shauri linaahirishwa. Irudie mara nne, kila mara nywele za mshtakiwa zikiwa ndefu zaidi na ndugu waliokuja wakiwa wachache zaidi. Dakika moja na nusu, miezi minane imepita.

Ukiwa na kukiri kwa kulazimishwa, mshtakiwa akipinga maelezo yake Mahakama Kuu, husikilizwa kwanza kesi ndogo ndani ya kesi ya msingi, kuamua kama maelezo yapokelewe. Ina mvutano kuliko hukumu yenyewe.

Kosa jingine: "hakuna shahidi mwingine, aachiwe". Katika makosa ya kujamiiana Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshasema kwamba ushahidi bora hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Wakili wako wa kwenye filamu asishinde kwa sheria isiyokuwepo.

Hatua ya 8: Tafuta kielelezo kidogo

Ukweli ujulikane, au ukaribie kujulikana, kupitia kitu kinachoshikika. Katika *Jagten* watoto kadhaa wanaelezea chumba cha chini ya nyumba ya Lucas, wakitaja hadi mambo ya ndani yake. Nyumba haina chumba cha chini. Katika *To Kill a Mockingbird* (1962), michubuko ya mwanamke anayedai kushambuliwa iko upande wa kulia wa uso, dalili ya kupigwa kwa mkono wa kushoto, na mshtakiwa mkono wake wa kushoto haufanyi kazi. Mahakama inaona, na bado inamtia hatiani, kwa kuwa ni mweusi Alabama ya miaka ya 1930.

Kielelezo kinaweza pia kumwangamiza asiye na hatia. Katika *The Wrong Man* polisi wanamwamuru mshukiwa aandike maneno ya karatasi ya jambazi, naye anakosea neno lile lile alilokosea jambazi. Bahati mbaya tupu. Tumia kielelezo cha aina hii mara moja, mapema. Bahati mbaya inayomtumbukiza mhusika shimoni mtazamaji huimeza. Bahati nzuri inayomtoa, huitema.

Kikasha cha miwani basi kionekane kwenye gari mapema, ukurasa wa 6, kikiwa hakina maana yoyote.

Hatua ya 9: Tenga kuachiwa na kusafishwa

Andika sini mbili tofauti. Katika moja sheria inamwachia, katika nyingine watu wanamwachia au wanakataa. Kisheria pia kuna tofauti: upande wa mashtaka ukisema hauna nia ya kuendelea na kesi, mtu huachiwa lakini anaweza kushtakiwa tena. Kuonekana hana hatia baada ya kusikilizwa ni jambo jingine.

*Jagten* inaruka mwaka mmoja. Wote wamepatana, kuna karamu, kuna msafara wa kuwinda. Risasi inapita karibu na Lucas na kugonga mti. Aliyefyatua yuko mbele ya jua, hatuuoni uso.

Rehema? Cheni inapatikana. Mama Salma anaivaa. Anampa Rehema elfu hamsini "ya nauli". Malizia kwenye mkono wa Rehema, kabla hujaonyesha kama anapokea.

Hatua ya 10: Kama tuhuma ni ya kubaka au kulawiti

Ukumbini watakuwepo waliofanyiwa kweli na hawakuaminiwa. Weka ndani ya hadithi angalau mtu mmoja ambaye tuhuma yake ni ya kweli na ina uzito, isiwe mapambo. Usimfanye mwanamke anayesingizia kuwa ndiye mwanamke pekee mwenye maneno mengi kwenye filamu. Mtoto mwigizaji asitamke maneno ya kitendo. Picha yake ipigwe peke yake, maswali yasomwe na mtu mzima nje ya fremu, mzazi akiwepo. Jioni hiyo hiyo mtoto aelezwe kilichokuwa kinaigizwa, kwa maneno ya umri wake.

Hatua ya 11: Kama ni kisa cha kweli

Kubadili majina hakutoshi ikiwa mtaa, kazi na mwaka vinamtaja mtu. Kesi ikiwa bado mahakamani, iache. Mfululizo wa *When They See Us* wa Ava DuVernay (2019), kuhusu vijana watano wa New York waliofungwa bila hatia na hukumu zao kufutwa mwaka 2002, ulizaa kesi ya kashfa kutoka kwa mwendesha mashtaka wa zamani aliyeonyeshwa ndani yake. Iliisha kwa makubaliano mwaka 2024. Tanzania, filamu zinasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria Na. 4 ya 1976, na skripti husomwa kabla ya kibali. Peleka mapema.

Ikikwama

*"Kwa nini hasemi tu ukweli?"* Hana wa kumwambia, au ukweli wake unamwangusha mtu mwingine. Rehema aliingia chumbani kweli, kuchaji simu aliyokatazwa kuwa nayo. Akisema, kazi imekwenda hata kama cheni itapatikana.

*Mhusika anachosha, anateseka tu.* Mpe kosa lake dogo na tendo katika kila sini ya tatu. Asubiri kuokolewa mara moja tu, siyo filamu nzima.

*Sini ya mahakama ni ndefu.* Pima. Ikizidi kurasa 7, toa kila swali ambalo mtazamaji ameshalijua jibu lake, ubakize anayesikiliza. Uso wa mama yake kwenye benchi una kazi kuliko hotuba ya wakili.

*Wasomaji walijua tangu mwanzo.* Kama ulichagua njia (a), hilo si tatizo, angalia badala yake kama ngazi za uvumi zinapanda. Kama ulichagua (b), mtuhumu wako ametokwa na jasho, ameangalia pembeni, au umemwekea muziki. Futa vyote vitatu, usome tena.

*Mgeuko haueleweki.* Fungua mafaili yako mawili, uyaweke sambamba saa kwa saa. Panapokuwa na saa tupu kwenye "Kilichotokea", tatizo liko hapo. Mara nyingi ni usiku, kati ya saa 5 na alfajiri, pale mwandishi alipolala pamoja na wahusika wake.